Mbwa Anayewashwa na Bakuli Lake

Mbwa anayejikuna usiku kucha na mbwa aliyenenepa hadi anahema akipanda ngazi tatu, mara nyingi ni mbwa yule yule. Sisi tumezoea kuyaona kama mambo mawili. La ngozi tunalipeleka kwa daktari. La unene tunalisifia, maana mbwa mnene machoni petu ni mbwa wa nyumba yenye neema. Ninaandika kuwaomba ninyi mnaofuga mbwa na paka, hasa mijini, tuyatazame mawili haya kwa pamoja, kwa sababu yote mawili yanaweza kuanzia kwenye bakuli.

Angalieni yanavyofuatana. Mbwa anaanza kulamba nyayo mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu. Masikio yananuka, yanasafishwa, yanapona, yananuka tena. Paka naye anajikuna kichwa na shingo hadi anajitia vidonda. Mwenye mnyama anakwenda kwa daktari, mnyama anadungwa sindano ya steroidi au anapewa vidonge, na baada ya siku chache ametulia. Ni nafuu ya kweli, na simlaumu daktari anayempumzisha kiumbe aliyeteseka. Lakini dawa hizo humtia mnyama kiu na njaa kali. Anakuja jikoni, anatukodolea macho, tunamhurumia, tunampa. Dawa ikiisha nguvu muwasho unarudi, sindano nyingine inafuata, na kilo zinapanda. Unene nao hauiachi ngozi salama: mikunjo inashika unyevu, fangasi na bakteria wanazaliana humo, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mbwa mnene anashindwa hata kujipoza kwa kuhema. Hapo tumerudi tulipoanza, safari hii na mbwa mzito zaidi.

Si kila muwasho unatokana na chakula. Huku kwetu viroboto hawana msimu, na mzio wa mate ya kiroboto umewatesa mbwa na paka wengi kuliko mzio wa chakula. Upele unaoletwa na utitiri nao upo, na mwingine unaambukiza hata watu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo: kabla hujabadilisha chakula, maliza viroboto, na daktari aangalie ngozi. Ikiwa viroboto wamekwisha, upele haupo, na mnyama bado anajikuna mwaka mzima, masika na kiangazi, labda na kuharisha au kutapika mara kwa mara, ndipo tulishuku bakuli.

Na ndani ya bakuli, tushuku nini? Mwaka 2016 Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud, wataalamu wa ngozi za wanyama, walikusanya taarifa zilizokwisha kuchapishwa za mbwa 297 waliothibitika kuwa na mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe iliwadhuru asilimia 34 kati yao, maziwa na mazao yake asilimia 17, kuku asilimia 15, ngano asilimia 13. Mahindi yalikuwa chini sana ya hapo, asilimia 4. Kwa paka 78, ng'ombe aliongoza kwa asilimia 18 na samaki akafuata kwa 17. Nyama hizi hazina ubaya wa pekee. Zinaongoza kwa sababu ndizo wanazolishwa wanyama wengi, na mwili haupati mzio wa kitu ambacho haujawahi kukutana nacho. Hivyo mbwa aliyekuzwa kwa utumbo wa ng'ombe anaweza kuwa anaumwa na utumbo huo huo, hata kama ameula miaka mitano bila tatizo. Hili ndilo linalowashangaza wengi, na ndilo linalowafanya wabishane na daktari: "Lakini hiki ndicho chakula chake cha siku zote!" Naam, ndicho hicho.

Kipimo cha damu, mate au manyoya cha kuthibitisha mzio wa chakula ambacho unaweza kukitegemea hakipo, hata kama kinauzwa kwa bei kubwa. Kilichopo ni jaribio la chakula. Mnyama anakula chakula kimoja tu kwa wiki nane, chenye protini ambayo hajawahi kuila au protini iliyovunjwavunjwa kiwandani vipande vidogo mno, kiasi kwamba kinga ya mwili haiitambui. Wiki nane zinatosha kuonyesha nafuu kwa zaidi ya asilimia 90 ya mbwa na paka wenye mzio huu. Baada ya hapo anarudishiwa chakula chake cha zamani. Muwasho ukirudi ndani ya wiki mbili, jibu limepatikana.

Chakula cha protini iliyovunjwa huagizwa kutoka nje na bei yake ni ya kuumiza, sitawaficha. Ndiyo maana wengi wetu tutahitaji njia ya nyumbani, nayo inawezekana. Mbuzi huja akilini kwanza, lakini mbuzi na kondoo ni jamaa wa karibu wa ng'ombe, na mwili uliomkataa ng'ombe unaweza kuwakataa na hao. Sungura ni chaguo bora: wafugaji wadogo wengi wa Kenya na Tanzania wanaye, mbwa wengi hawajawahi kumla, na nyama yake haina mafuta mengi, jambo linalomfaa sana mnyama anayetakiwa kupungua. Ngamia, anayeuzwa kwenye bucha za Eastleigh jijini Nairobi, naye ana sifa hizo hizo. Ichemshe nyama hiyo na viazi vitamu, bila mafuta, bila mchuzi, bila kitunguu. Kitunguu nakitaja makusudi, kwa kuwa kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na zaidi za paka, na hakuna mchuzi wetu usiokuwa nacho.

Ila msianze peke yenu. Nyama na viazi vinatosha kwa jaribio la mbwa mzima mwenye afya, lakini havitoshi kumlisha miezi na miaka. Havina kalsiamu ya kutosha wala madini mengine kadhaa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, na 190 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Mtoto wa mbwa akikosa kalsiamu ataota mifupa laini iliyopinda. Paka akikosa taurini atadhurika macho na moyo. Kwa hiyo mapishi yapitiwe na daktari wa mifugo, na vyuo vinavyowafunza madaktari hao tunavyo karibu: Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na Makerere jijini Kampala.

Sasa uzito. Chakula cha kupunguza mwili kinachouzwa madukani mara nyingi kimejaa kuku na ngano, na chakula cha mzio nacho si lazima kiwe chepesi. Anayemtibu mnyama wake tatizo moja bila kulitazama la pili atalipalilia hilo la pili. Njia ya kutoka ni kupima. Weka vidole vyako mbavuni mwa mbwa: unapaswa kuzihisi bila kubonyeza kwa nguvu. Mtazame kutoka juu: lazima kiuno kionekane. Kisha mpandishe mizani, na asiyekuwa na mizani ya kliniki ajipime mwenyewe, ajipime tena akiwa amembeba, atoe tofauti.

Chukua mbwa wa kilo 36 aliyetakiwa kuwa na kilo 30. Kwa uzito huo wa kilo 30, mwili uliopumzika unahitaji kalori kama 900 kwa siku, na hapo ndipo madaktari wengi huanzia wanapotaka apungue. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Yaani ukimmiminia mafuta kidogo "ugali upate ladha", umeshatumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya riziki yake ya siku, naye hajashiba. Apungue polepole, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, ambazo kwa mbwa huyu ni kati ya gramu 360 na 720. Paka apungue taratibu zaidi, na tafadhali sana, asinyimwe chakula kabisa ili alazimike kula kipya. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujazana kwenye ini na yanaweza kumuua. Mchanganyie kipya na cha zamani kidogo kidogo, na wiki nane zihesabiwe kuanzia siku anapokula kipya peke yake.

Faida yake inafika mbali. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, mbwa 48 aina ya Labrador waligawanywa wawili wawili tangu wakiwa wadogo, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake maisha yake yote. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na mifupa yao ilichelewa kuuma. Miaka miwili katika maisha ya mbwa ni mingi.

Haya yote yanaweza kuvunjwa na kipande kimoja cha chapati. Chapati ina ngano kwa mwenye mzio na mafuta kwa aliyenenepa, kwa hiyo inaharibu matibabu mawili kwa mara moja. Na anayeitoa si mtu mbaya. Ni bibi aliyezoea kumbakizia. Ni mtoto anayeangusha andazi chini ya meza. Ni mlinzi wa usiku, ambaye mbwa ndiye mwenzake pekee kuanzia saa nne hadi alfajiri, na anagawana naye alichobeba kutoka kwake. Ni muuza bucha anayemrushia mfupa mbwa wa mteja wake mzuri. Kila mkono unatoa kidogo kwa upendo, na jaribio la wiki nane linafeli bila yeyote kujua lilifelishwa na nini. Daktari anasema chakula hakikusaidia, na sindano zinaanza upya.

Ndiyo maana wito huu si wa mwenye mbwa peke yake. Kaeni kikao cha nyumba nzima siku ya kwanza. Mweleze mama, msichana wa kazi, watoto na mlinzi kwamba huyu ni mgonjwa na dawa yake ni chakula. Mlinzi mpe kikombe cha chakula maalumu kilichopimwa, kitolewe kwenye hesabu ya siku, ili naye aendelee kuwa na cha kumpa rafiki yake saa nane za usiku. Kumkataza tu hakutafaa, wala si haki. Watoto wapewe kazi ya kuandika kwenye karatasi ya mlangoni kila kilicholiwa, na nawahakikishia hakuna mlinzi mkali wa bakuli kumshinda mtoto wa darasa la tatu. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa atembezwe asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, maana mwili usiotembea hauunguzi mafuta kwa bakuli pekee.

Paka wa pwani ana mambo yake. Lamu, Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa paka mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika nyumba tatu, na kula kote. Ukarimu huu kwa paka ni jambo jema katika miji yetu, na siombi uishe. Ninaomba tu majirani wazungumze. Gonga hodi, eleza, na acha kidogo cha chakula maalumu kwa kila nyumba anayoizuru. Au, kama anakubali, mfungie ndani kwa muda wa jaribio.

Kwenu madaktari wetu: mpimeni kila mnyama uzito kila anapokuja, na muandike. Mnapochoma sindano ya tatu ya muwasho, mwulizeni mfugaji mnyama wake anakula nini, kuanzia asubuhi. Kumbukeni vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto vingi vina ladha ya nyama ya ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo katika wiki hizo dawa ya kudondoshea mgongoni ni salama zaidi. Na mfugaji akitaka kuacha steroidi, muongozeni apunguze hatua kwa hatua, kwani kuzikatisha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari.

Kwenu wenye viwanda vya chakula cha mbwa na wenye maduka ya dawa za mifugo: andikeni kwenye mfuko nyama gani imo. Maneno "protini ya wanyama" hayamsaidii mtu yeyote. Andikeni pia kalori kwa kilo. Mfuko unaosema "sungura" usiwe na kuku aliyebaki kwenye mashine. Wateja wenu wanawaamini, na mnyama asiyeweza kusoma ndiye anayelipia kosa.

Nawe uliyesoma hadi hapa ukiwa na mbwa anayelamba nyayo miguuni pako, usimbadilishie chakula leo kwa pupa. Weka vidole mbavuni mwake, mpandishe mizani, kisha andika kila kitu anachopewa nyumbani mwako kwa siku saba, na kila anayempa. Mpelekee daktari karatasi hiyo wiki ijayo.