KAGUENI BREKI, MSIKAGUE MFUKO



Simama asubuhi moja penye njia panda ya Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo na Sengerema. Utaziona gari zetu: lori la pamba, basi, pikapu ya dagaa, na motokaa ndogo iliyotumika miaka mingi Ujapani kabla ya kufika kwetu. Nyingi ni kuukuu. Hatuoni haya kulisema hilo. Mkulima hana fedha za motokaa mpya. Hununua ile aiwezayo.

Lakini ukuukuu si ruhusa ya kuua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani, nayo inampa polisi madaraka ya kulikagua. Gari za abiria zina msimamizi mwingine, LATRA, iliyoshika nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Hata hivyo wako wanaonung'unika kila ukaguzi unapokaribia, wakisema ni njia ya kumkamua maskini. Twawauliza: je, anayepanda gari lisilo na breki ni nani? Ni tajiri? La hasha! Ni mama aendaye mnadani, ni mtoto wa shule, ni huyo huyo maskini.

Sisi watu wa Ziwa hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, kikachukua wengine zaidi ya 200. Chombo hakiui kwa uzee peke yake. Kinaua pale mwenye wajibu wa kutazama anapofumba jicho.

Tena leo jambo limezidi uzito. Zamani kivuko cha Kigongo na Busisi kilisimamisha kila gari, likapoa, dereva akashuka akatazama tairi zake. Tangu Juni 2025 limefunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Twalifurahia sana. Lakini daraja halimsimamishi mtu, wala halimwulizi habari za breki.

Sasa tuambiane kweli. Wapo wenye gari wanaoazima tairi nzuri na mtungi wa kuzimia moto kwa siku moja, kisha wakavirudisha jioni. Wapo wanaokunja noti ndani ya kadi ya gari. Hao wanajidanganya wenyewe, maana stika ya kiooni haisimamishi gari mteremkoni. Mwanachama wa TANU aliahidi mambo mawili: kutopokea rushwa na kutoitoa. Ahadi ile ilimfunga mkaguzi, ikamfunga na mwenye gari.

Na mkaguzi naye tunamdai haki. Asitoe stika bila kulitazama gari. Akiona ubaya, auandike kwa Kiswahili kilicho wazi, ampe mwenye gari siku za kutengeneza, kisha alikague tena. Gari la mkubwa na gari la mkulima yapimwe kwa kipimo kimoja.

Wenye gari nao wasikae kulia. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa huku walipounganisha vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, walifika hata kumiliki vinu vya kuchambua pamba. Je, wenye gari wa stendi moja watashindwa kuchanga kila wiki, wapate akiba ya tairi na breki? Mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, kila mmoja ampelekee fundi gari lake: breki, usukani, tairi, taa, mikanda. Atakayefanya hivyo hatamwogopa mkaguzi, wala hatakuwa na sababu ya kumhonga.

Nchi ni yetu, barabara ni zetu, na wanaokufa ni wetu. Tuanze na breki.