Haki ya kutangulia si kibali cha kugonga

KILA magari yanapogongana karibu na Mosocho, kwenye barabara kuu ya Kisii-Kisumu, umati hutoa hukumu kabla ya polisi kufika. Mkosaji ni aliyetoka barabara ndogo, au mwenye gari kubwa, au mwendeshaji wa boda boda, kwa sababu tu ni wa boda boda.

Mahakama haihesabu hivyo.

Tuseme matatu inateremka kutoka Oyugis kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, na pikipiki yenye abiria inaingia barabarani kutoka njia ya vumbi. Kanuni inampa dereva wa matatu haki ya kutangulia. Hata hivyo, Sheria ya Trafiki imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa karibu mara nne. Aliyeingia alistahili kusubiri, lakini aliyekuwa na haki ya kutangulia amejinyima nafasi ya kumwepuka. Hakimu anaweza kuwatwika lawama wote wawili, kila mmoja kwa asilimia yake.

Asilimia hizo ni karo na chakula. Mwendeshaji aliyekadiriwa fidia ya Sh2 milioni, akipatikana na lawama ya asilimia 40, hubaki na Sh1.2 milioni. Abiria wake hakatwi kwa makosa ya aliyembeba.

Hatari kubwa zaidi ni ushahidi kupotea. Mwaka wa 2006, katika kesi ya Hussein Omar Farah dhidi ya Lento Agencies, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba pasipo ushahidi thabiti wa kuonyesha ni dereva yupi aliyekosa, wote wawili hubeba lawama sawa. Kwa hivyo aliyekuwa akienda polepole upande wake anaweza kupoteza nusu ya fidia kwa sababu tu hakuna aliyethibitisha alikuwa wapi.

Nasi tunajua ushahidi huo hupotelea wapi. Wasamaria wema huvuta magari kando (wengine, tuseme kweli, hufuata shehena), alama za breki hukanyagwa na vioo kufagiliwa. Cheti cha polisi ambacho familia hukihifadhi kama hatimiliki ya shamba huthibitisha kwamba ajali ilitokea. Kwa kawaida hakitoshi kuthibitisha nani aliisababisha. Kinachohitajika ni mchoro wa eneo, afisa aliyeuchora na shahidi aliye tayari kufika kortini.

Wengi pia huipuuza kesi ya trafiki wakidhani ni ya serikali na dereva. Kuua kwa kuendesha gari kwa njia hatari huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 10, na chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hatia hiyo haiwezi kupingwa katika kesi ya fidia, ingawa ugavi wa lawama bado unaweza kujadiliwa. Muda wa kudai ni miaka mitatu.

Hata mshindi hukutana na kikomo kingine: kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Kinachosalia hudaiwa mwenye gari mwenyewe, ambaye mara nyingi bado analipia mkopo wa gari hilo lililopondeka.