BUTI ZA SAITI HAZILALI NA MTOTO

1.
Juzi nilipoahidi kuongelea buti za kazi za baba, wengine mlicheka. "Nesi kaishiwa mada." Sijaishiwa. Leo nina ugomvi, someni mpaka mwisho.

Nyumba zetu nyingi hapa Chang'ombe ni za kupanga. Chumba kimoja, au chumba na sebule. Baba anarudi jioni, anavulia buti ndani na kuzisukuma chini ya kitanda. Asubuhi mtoto anatambaa palepale. Jumapili mama anazisugua, mtoto mgongoni, mikono mitupu, kwenye beseni lilelile la nepi. Na tumefundishwa kwamba hiyo ndiyo heshima kwa mume.

Nakataa. Hiyo ni hatari tuliyoipa jina zuri.

2.
Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mji huu haujaacha kujengwa. Mji wa Serikali kule Mtumba, reli ya SGR, uwanja wa ndege Msalato, barabara ya mzunguko, achilia mbali nyumba za watu kila mtaa. Waume zetu wako huko, na kina dada wapo pia. Kazi ya halali, Mungu awabariki. Ila buti zinarudi na saiti nzima.

Saruji: ikikutana na maji au jasho inakuwa kali, inaunguza ngozi. Ubaya wake, mara nyingi mwanzoni haiumi. Mtu anafanya kazi zege likiwa limeingia kwenye buti, akivua jioni ngozi imeshababuka. Wengine wanapata ukurutu usioisha, mikono na miguu inawasha na kupasuka. Na wewe mama unayesugua bila glovu, mkono wako ni ngozi pia.

Risasi: sisemi ya bunduki, nasema madini. Inapatikana kwenye betri za magari na kwenye baadhi ya rangi, hasa za zamani zinapokwanguliwa au chuma chake kikichomelewa. Kama baba ni fundi betri, mchomeleaji au mpaka rangi, nisikilize vizuri. Vumbi la risasi linapanda kwenye buti na nguo mpaka nyumbani. Mtoto anashika sakafu, anaweka mkono mdomoni. Mwili wa mtoto unanyonya risasi kuliko wa mtu mzima, na inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Huwezi kukiona kwa macho, mtoto hatatoka vipele ukasema "ni buti zile".

3.
Kabla hujaniambia najifanya msafi, nikiri. Mimi nimetembea na viatu vya wodini mpaka sebuleni kwangu. Wodini tunakanyaga damu, mkojo, matapishi. Nilikuwa nachoka, nafika nyumbani najitupa kwenye kochi na viatu vyangu. Siku moja mwanangu, ana miezi kumi, nikamkuta anatafuna kamba ya kiatu changu. NESI MZIMA! Nilikaa chini nikalia. Tangu siku hiyo viatu vya kazi havivuki kizingiti.

4.
Sasa kazi. Mwenye buti ndiye anayesafisha. Ana mikono, na anajua alikanyaga nini.

• Avue nje, kabla ya mlango. Ndala zimsubiri hapo.
• Agonge buti mbali na mlango, upande upepo unakoelekea. Nyinyi mnaujua upepo wa Dodoma. Asipige brashi kavu, vumbi litapanda puani. Afute kwa kitambaa chenye maji.
• Atoe kamba na ile soli ya ndani. Vikauke peke yake.
• Sabuni kidogo, brashi, kopo moja au mawili ya maji. Asiloweke buti ya ngozi kwenye beseni. Jiki na petroli hapana, vinaharibu ngozi na soli.
• Ajaze magazeti ndani, aziweke kivulini penye hewa. Jua kali na jiko la mkaa vinakausha ngozi mpaka inapasuka.
• Zikikauka, apake dawa ya viatu. Ngozi iliyopakwa haipitishi maji ya zege haraka.
• Beseni, brashi na kitambaa vya buti ni vya buti tu. Maji yake usimwage watoto wanapocheza wala kwenye mchicha.
• Soksi safi kila siku, na akaushe katikati ya vidole. Fangasi wanapenda unyevu.

Zege likiingia ndani ya buti: avue hapohapo, buti na soksi, amwagie mguu maji safi yanayotiririka dakika 20 au zaidi, kisha aende kituo cha afya. Asipake dawa ya meno, mafuta wala limao.

5.
Najua mtakachosema.

"Nesi, nje zitaibiwa." Kweli. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20 yenye mfuniko, utoboe mfuniko matundu ya hewa. Buti zikishafutwa zinalala humo, ndoo inaingia ndani nyuma ya mlango. Vumbi linabaki kwenye ndoo, mtoto hafiki. Ndoo hiyo isirudi kuchotea maji milele.

"Maji ni ya mgao." Ndiyo maana nimesema kopo, sijasema pipa.

"Hizo buti ndizo zinazokulisha." Hili nililisikia kwa mama mmoja mtu mzima, akimkemea mkwewe. Shikamoo mama, lakini hata jembe linatulisha na hatulali nalo kitandani. Kitu kinachotulisha ndicho cha kutunzwa. Buti iliyopasuka, soli imeisha, inapitisha msumari. Msumari unaleta pepopunda. Wewe mama ulichomwa chanjo kliniki, mtoto kapata Penta yake. Baba je, mara ya mwisho kuchanjwa ni lini? Akichomwa na msumari, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Na ile tabia ya kukanyaga kisigino cha buti mpaka inakuwa kandambili, aiache. Chuma cha mbele kikitokeza, buti imekufa. Azike.

6.
Ugomvi wangu wa mwisho ni na waajiri, kwa sababu kina mama tusibebeshwe peke yetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga pale kazi inapovihitaji. Inataka pia pawepo pa kunawa. Bosi anayemwambia kibarua "njoo na buti zako", kisha saiti hakuna hata bomba la kuoshea mguu, anahamishia uchafu wake nyumbani kwako. Mwanao analipa. Baba aulize, na waulize wakiwa wengi, mmoja ataambiwa asirudi kesho. Wakigoma kusikia, OSHA wapo hapahapa Dodoma.

7.
Leo jioni fanya kitu kimoja tu. Tafuta ndoo, iweke mlangoni. Baba akirudi, mpokee vizuri, mpe maji ya kunywa, mwambie, "Pole na kazi mume wangu, buti zako zina nyumba yao sasa." Akicheka, cheka naye. Ila asiingie nazo.

Sehemu ijayo: nguo za gereji na nepi za mtoto kwenye kamba moja. Huko nako nina ugomvi.