Sili ya Krenki Inapovuja



Msimu wa mavuno mashine ya kusaga haipumziki. Watu hupanga foleni tangu alfajiri. Wakati huo huo mwendesha mashine huona oili inadondoka chini ya lile gurudumu zito la injini, yaani flaiwili. Huweka kopo likinge, kisha huendelea kusaga.

Hebu tulipime kopo hilo. Matone 20 ya oili hufika kama mililita moja. Injini ikidondosha tone moja kila sekunde, kwa saa moja ni matone 3,600, yaani mililita 180. Ikisaga saa sita imepoteza zaidi ya lita moja. Injini ndogo za dizeli hubeba lita chache tu. Msipoongeza oili, siku si nyingi injini itashika. Hapo hamtanunua sili tena. Mtanunua krenki na beringi zake, na akina mama watabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili.

Watu huniuliza bwana shamba anatafuta nini kwenye injini. Mimi huyafuata mahindi, na safari ya mahindi huishia mashineni.

Sasa, sili ni nini? Krenki ni chuma kinachozunguka ndani ya injini. Ncha yake hutokeza nje, na hapo ndipo flaiwili hufungwa. Sili ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira. Mdomo huo huikumbatia krenki ili oili isitoke. Nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba inayoubana. Mpira ukikauka au ukilika, oili hupita.

Lakini usikimbilie kununua sili. Kwanza hakikisha oili inatoka wapi. Zima injini, ondoa mkanda, safisha sehemu hiyo kwa mafuta ya taa, ikaushe, kisha ipake unga kidogo. Simama kando, mtu awashe injini kwa dakika chache, halafu izimeni. Penye unga uliolowa ndipo panapovuja. Huenda ni bolti iliyolegea au gasketi, wala si sili.

Pili, tazama pumulio la injini. Ni kitundu kilicho juu ya kifuniko cha valvu, au ubavuni. Hutoa hewa inayojaa ndani injini inapofanya kazi. Pumulio likiziba, hewa hiyo huisukuma oili itoke penye sili. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilikuwa kimebadili sili tatu katika msimu mmoja. Fundi alilaumu sili, na kikundi kikamlaumu muuza duka. Pumulio lilikuwa limeziba kwa unga na oili, gumu kama ugali wa jana. Lilisafishwa kwa mafuta ya taa, ikawekwa sili ya nne, na kuvuja kukakoma. Kagua pia kijiti cha kupimia. Oili iliyozidi alama ya juu nayo huleta kuvuja.

Tatu, shika flaiwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi ya krenki imelika. Sili mpya haitadumu hapo. Mwite fundi.

Kama yote hayo ni mazima, badilini sili. Fungeni njia ya dizeli ili injini isiwake. Legezeni nati kubwa ya flaiwili, lakini msiitoe kabisa mpaka flaiwili iachie. Tumieni pula kuivuta. Nyundo isiguse hapo, kwa sababu huharibu ncha ya krenki na beringi. Flaiwili ni nzito, basi ishikwe na watu wawili, na ubao uwekwe chini yake.

Chomoeni sili kuukuu bila kuikwaruza krenki. Soma namba zake. Ikiandikwa 50-72-12, maana yake tundu ni milimita 50, upana wa nje ni 72 na unene ni 12. Nenda dukani na sili yenyewe, si kwa kukadiria. Kisha pitisha ukucha juu ya krenki pale mdomo ulipokuwa unagusa. Ukucha ukinasa, pana mfereji. Kama nafasi ipo, sili mpya isukumwe milimita moja au mbili mbele au nyuma, ili mdomo ukae penye chuma laini.

Upande wenye springi hutazama ndani, kwenye oili. Hapa wengi hukosea. Paka mdomo oili kabla ya kuufunga, maana mpira mkavu huungua mara injini inapowaka. Weka kipande cha bomba kinacholingana na sili, ukigonge polepole kuizunguka, iingie sawa pande zote.

Ncha ya krenki na tundu la flaiwili vifutwe vikauke. Rudisha kile kipande cha chuma kinachozuia flaiwili isizunguke peke yake. Kaza nati kabisa kwa spana ndefu, kisha kunja washa yake ya kufungia. Flaiwili ikichomoka injini ikiwa mbioni, huua mtu.

Wenye gari wajue kwamba nalo lina sili hizi, moja mbele nyuma ya puli na nyingine nyuma. Ya nyuma ikivuja, oili huweza kufika kwenye klachi, nayo ikaanza kuteleza. Kuibadili ni lazima gia boksi ishushwe. Hiyo ni kazi ya gereji.

Mkifunga yote, jazeni oili mpaka alama, washeni injini bila mkanda kwa robo saa, zimeni, mtazame. Futeni mkanda ule uliolowa oili. Kama umevimba au unateleza, nunueni mwingine. Asubuhi ya pili kagueni nati ya flaiwili tena kabla foleni haijaanza.