Siku Moja, Kura Nne

Ndugu wasomaji, wafanyakazi wa migodi, na ninyi nyote wakaaji wa Annexe na wa komini nyingine za Lubumbashi, leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wanasheria wa Kinshasa tu. Je, inafaa kuchagua rais, depite wa taifa, depite wa jimbo na mshauri wa komini siku moja? Au inafaa kila uchaguzi upewe siku yake? Miaka mitano iliyoanza kwa kura ya 2023 inaelekea kwisha 2028, na mipango ya uchaguzi haitengenezwi usiku wa mwisho. Afadhali tufikiri sasa, kabla wengine hawajafikiri kwa ajili yetu.

Tukumbuke tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023. Mtu wa Luwowoshi, au wa Kalebuka, au wa Kasungami, aliamka mapema, akashika kadi yake, akaenda kupanga mstari kwenye shule. Mbele ya mashine aliambiwa achague mara nne. Wagombea wa urais aliwajua, kwa maana picha zao zilikuwa ukutani mwezi mzima. Depite wa taifa, pengine alikwisha kusikia jina lake redioni. Kwa depite wa jimbo picha zilikuwa nyingi na nyuso ngeni. Alipofika kwa mshauri wa komini, watu nyuma yake walikuwa wamechoka kusimama, naye kidole chake kikagusa uso uliokuwa karibu. Akatoka na wino kidoleni. Alipiga kura nne, lakini alichagua mara ngapi?

Wanaotetea siku moja wana hoja, wala si haki kuwadharau. Nchi yetu ni kubwa na barabara zake zinajulikana. Vifaa vya kura hupelekwa kwa ndege, kwa mtumbwi, kwa pikipiki na kwa kichwa cha mtu. Wanaosimamia vyumba ni walimu walewale, na wanaolinda ni polisi walewale. Kufanya kazi hiyo mara mbili ni kulipa mara mbili, na fedha hizo zinatoka katika mfuko unaopaswa kulipa mwalimu na kununua dawa. Tena, mfanyakazi anayelipwa kwa siku anajua uzito wa siku moja bila kazi. Mama anayeuza makala kando ya barabara ya Kasapa akifunga biashara, watoto wanaona jioni ile ile kwenye sahani ya bukari. Na ng'ambo ya Kasumbalesa, ndugu zetu wa Zambia walichagua rais, wabunge, wakuu wa miji na madiwani siku moja, tarehe 12 mwezi wa 8 mwaka 2021, rais akabadilishwa kwa amani.

Lakini wanaoikataa siku moja nao wana hoja tatu nzito.

Kwanza, kubwa humeza dogo. Sheria yetu ya uchaguzi huwapa wagombea wa urais na depite wa taifa siku 30 za kampeni, na wale wa jimbo na komini siku 15 tu. Mwaka 2023 wakubwa walianza tarehe 19 mwezi wa 11, wadogo wakaanza tarehe 4 mwezi wa 12, na wote wakanyamaza pamoja tarehe 18. Maana yake nini? Yule atakayekaa karibu nasi, ambaye tungeweza kumfuata kwa miguu na kumwuliza habari za maji na mitaro, tulipewa nusu ya siku za kumpima. Na hata siku hizo, vipaza sauti vya wakubwa vilikwisha kujaza barabara. Nchi nzima ilikuwa na wagombea karibu laki moja! Mwenye macho mawili ataona nini?

Pili, shoka likiwa moja, likivunjika kazi zote husimama. Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018 moto uliwaka katika ghala la CENI kule Kinshasa, ukateketeza maelfu ya mashine za kura. Siku chache baadaye tarehe ya uchaguzi ikasogezwa kutoka 23 hadi 30. Rais, depite wa taifa, depite wa jimbo: wote wakangoja pamoja.

Tatu, siku moja haileti haki moja. Tarehe 5 mwezi wa 1 mwaka 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa udepite wa taifa, wa jimbo na wa komini kwa sababu ya udanganyifu. Kura ya rais haikuguswa. Mwananchi akauliza: siku ilikuwa moja, chumba kimoja, mashine moja, ikawaje uchafu ukae upande mmoja tu? Swali hilo hata Zanzibar waliliuliza. Tarehe 25 mwezi wa 10 mwaka 2015 walipiga kura ya Muungano wa Tanzania na kura ya Zanzibar katika vituo vilevile. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa tume ya Zanzibar alifuta uchaguzi wa Zanzibar, na kura ya Muungano ikasimama. Uchaguzi wa Zanzibar ukarudiwa tarehe 20 mwezi wa 3 mwaka 2016, chama kikubwa cha upinzani kikakataa kushiriki.

Sasa pengine mtu wa mgodi atasema: Mhariri, mimi rais ananitosha, hao wengine ni wa nini kwangu? Ndugu, hapo ndipo tunapopotea. Gavana wa Haut-Katanga hachaguliwi nasi moja kwa moja. Katiba ya 2006 inawapa kazi hiyo madepite wa jimbo, na maseneta pia huchaguliwa nao. Na kwa sheria ya 2008, washauri wa komini ndio wanaomchagua mkuu wa komini. Ukimchagua depite wa jimbo kwa kubahatisha, umemchagua gavana kwa kubahatisha.

Tena tazama fedha. Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inasema kwamba katika kila franka 100 za mrabaha ambao kampuni hulipa kwa madini, 50 huenda serikali ya taifa, 25 huenda jimbo, 15 huenda komini, sekta au usultani ambao mgodi umo ndani yake, na 10 huwekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Basi franka 40 katika 100 ziko mikononi mwa watu tunaowachagua mwisho, tukiwa tumechoka. Wewe unayeshuka shimoni unatoa shaba. Fedha ya jimbo inapimwa na bunge la jimbo, na ya komini inapimwa na baraza la komini. Kama hujui nani yuko huko, utamwuliza nani habari za barabara ya Kilobelobe au za zahanati isiyo na dawa?

Wazee wetu wanakumbuka mfano mkubwa kuliko wote. Mwezi wa 5 mwaka 1960 wanaume wa Katanga walipiga kura mbili pamoja, ya Baraza la taifa na ya Baraza la jimbo. Akina mama walinyimwa kura. Macho ya watu yalikuwa Léopoldville, kwa Lumumba na Kasa-Vubu. Lakini hapa Élisabethville, katika viti 60 vya jimbo, Conakat ilipata 25, na muungano wa Balubakat ukaifuata kwa karibu sana. Wa pili waliposusia kikao, hesabu ya waliotakiwa kuwepo haikutimia. Tarehe 16 mwezi wa 6 Ubelgiji ikageuza sheria ili serikali ya jimbo iweze kuundwa bila wao, na Moïse Tshombe akawa mkuu wa jimbo. Tarehe 11 mwezi wa 7 Katanga ikatangaza kujitenga. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Makaburi ni ya pande zote. Tunasema hivi tu: kura ambayo watu waliiona ndogo ndiyo iliyoamua kama baba angelala nyumbani kwake au angekimbia na mkeka kichwani.

Basi, je, tuzitenganishe? Tungependa kujibu ndiyo. Lakini historia yetu inatushika mkono na kusema: ngojeni kwanza.

Mwaka 2006 kura zilitengwa. Rais na depite wa taifa walichaguliwa tarehe 30 mwezi wa 7. Depite wa jimbo alichaguliwa tarehe 29 mwezi wa 10, siku ileile ya duru ya pili ya rais. Tazama vizuri: kura ya jimbo ilipanda gari la rais. Mwezi wa 1 mwaka 2011 katiba ikageuzwa, duru ya pili ikafutwa. Gari likaondolewa. Mwezi wa 11 mwaka 2011 tukachagua rais na depite wa taifa, na kura ya jimbo tukaambiwa itakuja baadaye. Haikuja. Madepite waliochaguliwa 2006 kwa miaka mitano walibaki vitini mpaka mwanzo wa 2019. Katanga ilikatwa vipande vinne mwaka 2015 wakiwa humo humo, na mwezi wa 3 mwaka 2016 ni wao hao waliochagua gavana wa Haut-Katanga. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura yao alikuwa na miaka kumi na miwili walipoondoka. Na kura ya jimbo ilirudi lini? Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, ilipopanda tena gari la rais.

Hilo ndilo somo la Kongo. Fedha ya kumchagua rais hutafutwa mpaka ipatikane. Fedha ya kumchagua depite wa jimbo, isipokuwa na msukumo, husahauliwa. Afrika ya Kusini wanaweza kuchagua taifa na majimbo siku moja, kama walivyofanya tarehe 29 mwezi wa 5 mwaka 2024, na kuzipa manispaa siku yake, kama tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 2021, kwa sababu manispaa zao hazingoji huruma ya mtu. Sisi hatujafika hapo. Kwa hiyo gazeti hili linasema: siku moja ibaki. Uchaguzi uliomezwa unaweza kutapikwa. Uchaguzi usiofanyika hauna dawa. Lakini siku hiyo moja iwe na masharti, nasi tunayadai mbele ya watu wote.

Kwanza, siku za kampeni ziwe sawa, 30 kwa wote, na nusu ya kwanza iwe ya komini na jimbo. Wakubwa wangoje zamu yao.

Pili, iandikwe katika sheria kwamba pasipo kura ya jimbo na komini, hakuna kura ya rais. Tarehe moja, fedha moja, asiachwe mtu njiani.

Tatu, matokeo ya kura zote nne yabandikwe mlangoni pa kila chumba usiku uleule, na pakionekana udanganyifu katika kura moja ya chumba hicho, zote nne zichunguzwe.

Nne, mlolongo usikatwe. Washauri wa komini wakichaguliwa, wapewe kazi yao, nao wamchague mkuu wa komini kama sheria ya 2008 inavyosema. Kuchagua mtu na kumwacha mlangoni ni kumdhihaki aliyemchagua.

Hayo ni ya serikali. Yetu sisi ni haya: tuanze chini. Wakati ukifika, watu wa kila mtaa, kuanzia Naviundu mpaka Kisanga, wamwite kwanza mgombea wa komini, kisha wa jimbo, kisha wa taifa. Kila mmoja aulizwe fedha za mrabaha zinaingia wapi na zinatoka wapi. Asiyejua ajifunze kwanza. Andikeni majina yao kwenye karatasi nyumbani, mke na mume pamoja, ili siku ya kura kidole kisitange.

Ndugu, mshika mbili moja humponyoka, nasi tutapewa nne. Tusipojitayarisha, itakayoponyoka ni ile iliyo karibu na mlango wetu.

Mhariri