Picha za retina pekee haziwezi kuokoa macho ya wagonjwa wa presha

MTU huamka asubuhi na kugundua kuwa jicho lake moja limefunikwa na ukungu. Hahisi maumivu, wala jicho halijawa jekundu. Wengi hudhani ni uchovu, wakanunua dawa ya matone na kusubiri. Wanapofika kwa daktari, huwa wamechelewa.

Miongoni mwa maradhi yanayoanza kwa namna hii ni kuziba kwa vena ya retina, mshipa unaoondoa damu katika utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Watafiti walikadiria kuwa watu wapatao milioni 28 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 89, walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2015.

Chanzo chake kinafahamika. Ateri na vena za retina hupishana zikiwa zimeshikana. Shinikizo la damu linapoikakamaza ateri, huibana vena, damu ikapunguza mwendo na kuganda. Majimaji huvuja na kuvimbisha sehemu ya katikati ya retina, ambayo humwezesha mtu kusoma na kutambua nyuso.

Sayansi imepiga hatua kubwa katika kuichunguza hali hii. Mnamo 1961, Novotny na Alvis wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walieleza mbinu ya kudunga mkononi rangi iitwayo fluoresini na kuipiga picha ikipita machoni. Mshipa ulioziba hujulikana kwa jinsi rangi inavyochelewa kuupitia. Hata hivyo, rangi hiyo huwatia baadhi ya wagonjwa kichefuchefu, na mara chache huleta mzio hatari.

Mitambo ya kisasa haihitaji sindano hiyo. Hummulika mgonjwa mahali pale pale mara kadhaa kwa kasi. Nyama ya jicho haibadiliki, lakini chembe za damu husonga, na kompyuta hutumia tofauti hiyo kuchora mishipa. Sehemu zilizokosa damu huonekana wazi. Lakini mbinu hii haionyeshi majimaji yanapovuja, hivyo fluoresini ingali na kazi.

Hata hivyo, picha si tiba. Uvimbe hutibiwa kwa dawa inayodungwa ndani ya jicho, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Bevacizumab, iliyotengenezewa saratani, hugawanywa katika vipimo vidogo vya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha kuwa dawa muhimu ya macho mwaka 2013. Mgonjwa anayepigwa picha nzuri mjini kisha akakosa nauli ya kurudi mwezi ujao hajasaidiwa.

Zaidi ya hayo, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulibaini kuwa karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Hao hawahitaji mtambo wa mamilioni ya pesa. Wanahitaji kipimo cha presha katika zahanati iliyo karibu, na dawa za kuishusha zisizokatika.

Kwa hivyo, kaunti inayonunua mtambo wa retina haina budi kutenga pia fedha za sindano na za kupima presha mashinani. La sivyo, mtambo huo utabaki kuwaeleza Wakenya kwa ufasaha jinsi walivyopofuka.