Tatizo Si Urefu, Ni Majigambo

Makala za masoko hazichoki kurudia hoja hii: mtandaoni watu hawasomi, kwa hiyo chapa iweke picha kubwa na maneno machache. Ushahidi wa makala hizo ni utafiti wa John Morkes na Jakob Nielsen wa 1997, uliokuta asilimia 79 ya waliojaribiwa wakipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya.

Ni kweli, lakini utafiti haukuishia hapo. Tovuti moja ya utalii wa Nebraska, Marekani, iliandikwa upya kwa namna mbalimbali. Kufupisha kuliongeza urahisi wa matumizi kwa asilimia 58. Kuondoa majigambo peke yake kuliongeza 27, na mbinu zote pamoja, 124. Mbona hilo la majigambo halitajwi?

David Ogilvy, mwandishi wa matangazo, alilijua mapema. Tangazo lake la Rolls-Royce la 1958 lilikuwa refu, lenye hoja zilizopangwa kwa namba, na kichwa chake hakikusema gari ni bora. Kilisema kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa ya umeme. Msomaji anaisikia!

Sasa chukua muuza gesi anayeandika “bidhaa bora kwa maisha bora”. Ni maneno matano tu, mafupi kama makala hizo zinavyotaka, lakini hayamwambii mama anayepika mtungi wa kilo 6 ni bei gani, unajazwa wapi, wala nani atakuja ukivuja.